Sindano Zisizo za Chuma

Lugha yetu ina neno moja, mwiba, nalo hutumika kwa vitu vingi. Mtoto aliyekanyaga tawi la mgunga akienda zizini husema amechomwa na mwiba. Anayekula samaki wa Mtera huonywa ajihadhari na miiba. Nyuki akiuma huacha mwiba wake. Nungunungu ana miiba mgongoni. Kwa mazungumzo ya kila siku neno hilo moja latosha, wala hatuna haja ya kulikosoa. Lakini mtu atakaye kuvijua viumbe kwa elimu hawezi kukaa nalo peke yake, maana vitu hivyo vyote vyafanana kwa ncha tu. Kimoja ni jani, kingine ni tawi, kingine ni unywele, kingine ni mfupa, na kingine si kiungo cha kiumbe hata kidogo, bali ni mfano wa jiwe dogo lililokua ndani ya mmea au ndani ya kiungo cha mguu wa mtu. Na asiyejua ni kipi kilichomchoma aweza kutafuta dawa isiyo yake, au kumshitaki mtu asiye na kosa, kama mtakavyoona mbele.

Wataalamu waliovipa vitu hivi majina walichota katika Kilatini na Kiyunani. Kwa Kilatini sindano ni acus, na sindano ndogo ni acicula; basi kitu chochote kilicho chembamba, kilichonyoka na chenye ncha, kama jani la msonobari au fuwele ya jiwe, husemwa kuwa na umbo la asikula. Spiculum ni ncha ndogo ya mshale, ndiyo asili ya jina spikula. Kwa Kiyunani sindano ni rhaphis, na kutoka hapo twapata rafidi. Neno hilo la Kiyunani limo katika Injili ya Mathayo na ya Marko, pale panapotajwa ngamia na tundu la sindano. Aliyeliandika hakudhani kwamba siku moja litakuwa jina la kitu kilichomo ndani ya gimbi.

Tuanze na miti, maana hapa Ugogo hatuwezi kuikwepa. Twaa tawi bichi la mgunga, ule wenye kichwa kilichotandaa kama mwavuli. Penye kikonyo cha jani utaona miiba miwili, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Kwa nini miwili, wala si mmoja au mitano? Kwa sababu mimea mingi, kila ioteshapo jani, huotesha pamoja nalo vijani viwili vidogo chini ya kikonyo, kama watumishi wawili wanaosimama kando ya mlango. Katika kunde vijani hivyo hubaki laini, na kila mmoja wenu aweza kuvitazama shambani. Katika mgunga vimekuwa vigumu na kuchongoka. Basi mwiba wa mgunga, kwa asili yake, ni jani. Mgunga huu wa mwavuli una hata miiba ya namna mbili katika tawi moja, mirefu myeupe iliyonyoka, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Lakini yote asili yake ni moja.

Sasa twaa tawi la kikwata. Nacho kina miiba miwili miwili, mifupi, iliyopinda, na aliyewahi kunaswa nguo humo ajua kwamba kila ajivutapo ndivyo ashikwavyo zaidi. Lakini miiba hii si vijani. Imeota katika ngozi ya tawi, kama chunjua iotavyo katika ngozi ya mtu. Miiba ya mwaridi ni ya jinsi hiyo hiyo: ukiisukuma kwa kidole upande mmoja hubanduka, ikaacha kovu dogo, na mti wa ndani haudhuriki.

Mlimau una mwiba wa namna ya tatu. Hutoka kwapani mwa jani, pale hasa panapotoka machipukizi, kwa kuwa ni tawi lililokoma kukua likachongoka. Ukilipasua kwa kisu utaona kwamba mti wake umeungana na mti wa tawi kubwa. Haubanduki ila kwa kuvunjwa. Basi njia ya kuipambanua miiba ni kutazama mahali ilipoota. Mwenye haraka hutazama ncha peke yake, naye huona yote ni sawa.

Tofauti hizi zimekwisha kubadili hata majina. Zamani mgunga na kikwata vilikuwa na jina moja la kisayansi, Acacia. Wataalamu walipovichunguza zaidi waliona kwamba ni koo mbali mbali, na mkutano wao mkuu uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulikubali kwamba jina la Acacia libaki kwa miti ya Australia, ambayo mingi yao haina miiba kabisa. Miti yetu yenye miiba ya vijani ikaitwa Vachellia, na yenye miiba ya ngozi, kama kikwata, ikaitwa Senegalia. Watu wengi wa Afrika hawakupendezwa, maana husemwa kwamba jina Acacia lenyewe latoka katika neno la Kiyunani la ncha kali, na sasa limepewa miti isiyo na ncha! Nami naona walikuwa na haki ya kunung'unika. Hata hivyo mkutano uliofuata, wa Melbourne mwaka 2011, haukutengua shauri lile, na mbuzi wetu hawakuona tofauti yo yote.

Kwa ajili ya mbuzi, na twiga, na wote walao majani, ndipo miti hii ilipoota miiba. Jambo hili si la kukisia tu. Huko Laikipia katika nchi ya Kenya, penye udongo mweusi wa mbuga, huota mgunga wa namna nyingine, ambao baadhi ya miiba yake imevimba chini kama vibuyu. Sisimizi hutoboa vibuyu hivyo wakakaa ndani, na upepo upitapo katika matundu hayo husikika sauti kama ya filimbi. Mwaka 1995 wataalamu walizungushia ua sehemu kadhaa za pori lile, ili wanyama wakubwa wasiingie. Baada ya miaka kadhaa matawi mapya ya miti iliyokuwa ndani ya ua yalikuwa na miiba mifupi kuliko ya miti iliyobaki nje ikiliwa. Ndiyo kusema mti hutumia nguvu zake kwa miiba kadiri uonavyo hatari, na hatari ikiondoka hupunguza gharama.

Miiba ya nungunungu haina udugu na hiyo. Hiyo ni nywele. Imefanyika kwa kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na kwato za mbuzi, nacho huitwa keratini. Wako wazee wasemao kwamba nungunungu huitupa miiba yake kama mishale. Sivyo. Miiba yake imeshikwa kwa ulegevu. Akikasirika huisimamisha, hutikisa ile mifupi yenye uwazi iliyo mkiani hata ikalia, na adui asipoondoka humwendea kinyumenyume kwa ghafula. Miiba hubaki mwilini mwa adui, na mtu atazamaye kwa mbali wakati wa usiku huona kana kwamba imetupwa. Hata simba huumizwa. Wameonekana simba waliochomwa hivyo wakashindwa kuwinda, wakakonda, na baadhi yao wakageukia mifugo na watu. Kalunguyeye naye ana miiba ya nywele, mifupi na mingi sana, lakini yeye hana haja ya kushambulia. Hujikunja kama mpira akangoja.

Mwiba wa samaki ni mfupa kweli. Mwiba wa nyuki ni chombo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha, ndiyo sababu nyuki dume hana mwiba. Hayo yatosha kwa habari zao.

Tumefika sasa kwenye sindano ndogo. Upupu waujua kila mtoto aliyekata kuni porini. Ganda lake limevikwa manyoya ya rangi ya hudhurungi, na kila unywele ni sindano yenye vijino vidogo, nayo imebeba protini iitwayo mukunaini. Protini hiyo ndiyo iwashayo. Sindano kazi yake ni kuifikisha ndani ya ngozi. Aliyepatwa na upupu akajisugua kwa nguvu huzivunja sindano hizo na kuzisambaza, akazidisha taabu yake.

Lakini sindano za upupu bado zaonekana kwa macho. Ziko nyingine zilizokaa ndani ya vyakula vyetu tangu zamani bila kujulikana, hata watu walipopata vioo vya kukuza vitu vidogo. Mmoja wa watu wa kwanza kutazama kwa vioo hivyo alikuwa Leeuwenhoek, mwuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi. Wataalamu waliokuja baadaye walikata vipande vyembamba vya mimea, wakaviweka chini ya hadubini, wakaona ndani ya seli baadhi mafungu ya sindano zilizolala pamoja, sawasawa kama njiti ndani ya kibiriti. Hizo ndizo rafidi. Nyingi urefu wake haufiki sehemu moja ya tano ya milimita, na seli moja yaweza kubeba mamia. Si mti wala unywele, bali ni fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu zisizovunja utaratibu. Zimefanyika kwa kalsiamu na asidi iitwayo oksaliki. Magimbi yanazo, majani yake kadhalika.

Nilipata kusikia habari za mke kijana, mzaliwa wa milima ya Uluguru, aliyeolewa katika kijiji kimoja cha Ugogo. Siku moja mumewe alipata wageni, naye akawapikia magimbi aliyoletewa na ndugu zake kwa treni. Kuni zilikuwa chache na wageni walikuwa na njaa, basi akayapakua kabla hayajaiva vema. Walipokula walishikwa na mwasho wa ulimi na koo, midomo ikaanza kuvimba, na mmoja akashika shingo yake akilia kwamba amelishwa sumu. Kabla ya jua kuchwa ilikwisha enea kijijini kwamba bibi huyu amekuja na dawa za kuua watu. Aliyemwokoa ni mama mkwe wake. Mama yule alitwaa magimbi yaliyosalia, akayarudisha chunguni, akayachemsha hata usiku ukaenda sana. Kisha akawaita wote akasema, "Kama mkamwana wangu ametia sumu, na inianze mimi." Akala. Kulipopambazuka alikuwa mzima, akitwanga kama siku zote. Hata hivyo wako waliokataa kula nyumbani mwa yule bibi kwa miezi mingi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaeleza ni kitu gani kilichowachoma.

Kitu chenyewe ni hiki. Mtu atafunapo gimbi lisiloiva, seli zile hupasuka, na rafidi hutoka zikachoma ngozi laini ya ulimi na koo. Kama zingechoma tu, maumivu yangekuwa madogo; lakini juu yake zimebeba protini ikerayo, mfano wa ile ya upupu, nayo huingia katika kila tundu dogo lililotobolewa. Basi mama mkwe alifanya nini chunguni? Hakuziyeyusha sindano, maana maji yachemkayo hayawezi kuziyeyusha. Alichoharibu ni ile protini. Aliyekula gimbi lililoiva sana amemeza sindano nyingi pia, ila hazikuwa na kitu cha kumwasha. Ndiyo sababu kwa magimbi hapana njia ya mkato. Hata mwenye kuni chache hana budi kungoja.

Mkonge una sindano za namna mbili katika jani moja. Ile ya nje, nyeusi na ngumu, ni ncha ya jani lenyewe. Za ndani ni fuwele, nazo huwasha ngozi ya mtu aguswaye na maji yake, kama wajuavyo waliofanya kazi ya kukata na kusindika majani yale. Mmea huu si wa asili ya hapa. Mwaka 1893 Mdachi mmoja aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yalikua mashamba ya Tanga na Morogoro.

Labda mtasema, afadhali sisi watu, ambao hatuna fuwele za sindano miilini mwetu. Ole wetu, twaweza kuwa nazo! Uko ugonjwa uitwao jongo. Damu ya mtu huwa na asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, na figo zisiweze kuitoa yote, huungana na sodiamu na kufanya fuwele nyembamba zenye ncha ndani ya viungo. Huanza mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, ambapo ubaridi wa mahali huzisaidia kujijenga. Mtu hulala mzima, akaamka usiku kidole kimevimba na kuwaka moto, hata uzito wa shuka hawezi kuuvumilia. Yule Leeuwenhoek aliziona sindano hizo mwaka 1679, alipotazama uvimbe mweupe uliotoka kwa mgonjwa wa jongo. Lakini hakujua zimefanyika kwa nini. Ilikuwa mwaka 1961 ndipo waganga wawili wa Marekani, McCarty na Hollander, walipozitambua katika maji ya viungo vya wagonjwa kwa hadubini ya mwanga maalum. Tangu hapo mganga aweza kutwaa tone la maji ya kiungo akajua kwa yakini kama ni jongo au ni ugonjwa mwingine. Nako kujua ni jambo kubwa, maana ziko dawa za kupunguza asidi hiyo, na mgonjwa huonywa juu ya pombe, maini na nyama nyingi. Aliyechanjwa chale penye kidole akidhani amerogwa hakupata nafuu yo yote, maana sindano zi ndani ya kiungo, wala wembe hauzifikii.

Baharini wamo sifongo, wanyama wasio na mifupa, ambao wengi wao husimamisha miili yao kwa spikula, vijisindano vilivyofanyika kwa kitu kama kioo au kwa chokaa. Nasi wa nchi ya juu hatuwaoni ila wakiwa wamekauka sokoni, basi na tuwapite.

Limebaki swali la kwa nini fuwele iwe sindano. Mbona chumvi ya chakula ukiitazama kwa kioo cha kukuza ni visanduku vidogo, pembe nne nne? Fikirini mtu asukaye ukili. Huongeza miyaa mwishoni, wala haongezi ubavuni. Kwa hiyo ukili hurefuka bila kupanuka. Fuwele nayo hukua kwa chembe kuja kujishikiza. Zikijishikiza pande zote sawa, huwa sanduku. Zikipenda kushika miisho kuliko mbavu, huwa sindano. Upendeleo huo hutegemea jinsi chembe zenyewe zilivyoumbwa na kupangwa.

Sindano za namna hiyo hutufaa pia. Iko jasi, jiwe laini jeupe linalopatikana Itigi, na pia Msagali katika wilaya ya Mpwapwa. Ikichomwa kwa moto wa kadiri, hutokwa na sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake, ikawa unga. Unga huo ukitiwa maji huyanywa tena, na papo hapo fuwele nyingi mfano wa sindano huanza kuota, zikapitana na kushikana kama matawi ya miiba tuyafungayo penye lango la zizi. Kwa muda wa dakika chache uji umekuwa jiwe. Mganga afungapo mkono uliovunjika kwa bendeji yenye jasi, kinachoushika mfupa usicheze ni fuwele hizo zilizoshikana. Na chaki nyingi za ubaoni hufanywa kwa jasi hiyo hiyo.

Mwenye kutaka kuona fuwele zikikua asiende mbali. Nunueni dukani chumvi ya haluli, ile ya kuendeshea tumbo. Tieni maji ya moto katika bilauri, mkoroge chumvi hiyo kidogo kidogo hata isiweze kuyeyuka tena, mkamimine maji yaliyo safi katika sahani, mkaiweke mahali penye ubaridi pasipo na vumbi. Katika sahani ya pili fanyeni vivyo hivyo kwa chumvi ya chakula. Mtu asionje maji ya sahani ile ya kwanza, asije akakosa masomo ya kesho. Sahani ya haluli yaweza kuonyesha sindano kabla ya siku kwisha, ndefu, zing'aazo, zimeelekea huku na huku. Ya chumvi ya chakula itawangojesha siku kadhaa hata maji yakauke, nanyi mtaona humo visanduku, na hata sindano moja hamtaiona.